Mtoto Anayehara Muda Mrefu: Kijidudu Kilichojipinda, na Dawa Inayotangulia

Ndugu wakulima wa Kainuk, nanyi mlimao kando ya mto Turkwel kuteremka mpaka Katilu, mwezi huu hatutasema habari za mtama wala za viwavi. Tutasema habari za tumbo la mtoto. Mama mwenye mtoto anayehara haendi kupalilia, na hata akienda, hupalilia nusu ya mstari akarudi nyumbani kumtazama. Basi jambo hili ni la shamba pia.

Kuhara kwa siku mbili tatu twakujua sote. Tunalotaka kulieleza hapa ni lile tumbo lisilokoma. Mtoto ahara leo, apumzika kesho, ahara tena keshokutwa. Choo chake ni chepesi, chenye makamasi, na pengine kina mchirizi wa damu. Tumbo lamkata. Wiki ya pili yaingia, na shanga zake za kiunoni zaanza kulegea. Mzazi anunua vidonge dukani, mtoto apata nafuu kidogo, kisha kuhara kwarudi. Hapo ndipo watu huanza kutaja majina ya vijidudu, na katika majina hayo limo moja geni, yaani spirokiti wa utumbo.

KIJIDUDU CHENYEWE

Spirokiti ni kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Ni chembamba, nacho kimejipinda kama pembe ya tandala. Hutembea kwa kujizungusha, kama parafujo iingiavyo katika mbao, na kwa njia hiyo aweza kupenya katika ute wa utumbo ambamo vijidudu vingine hukwama.

Ukoo wake ni mkubwa. Mmoja wa ukoo huo huleta kaswende. Mwingine huleta homa ya papasi, ile iliyowatesa wasafiri wengi wa zamani katika Afrika Mashariki na Kongo. Mwaka 1905 mganga Mwingereza aitwaye Joseph Everett Dutton alikufa huko Kasongo, Kongo, alipokuwa akiichunguza homa hiyo, na kijidudu chake kikapewa jina lake.

Nimeutaja ukoo huu kwa sababu moja. Mzazi akisikia kwamba mtoto wake ana spirokiti, kisha mtu mwenye maarifa nusu akamwambia kwamba spirokiti ni kaswende, nyumba yaweza kuvunjika bure. Spirokiti wa utumbo si kaswende. Mtoto humpata kwa kinywa, katika maji au chakula kilichoingiwa na choo, kama apatavyo vijidudu vingine vya kuhara. Baba asimtazame mama kwa jicho la shaka, wala mama asimshuku baba.

Wataalamu wamewajua wadudu wa tumboni kwa muda mrefu. Mwaka 1681 Mholanzi mmoja, Antonie van Leeuwenhoek, alikuwa akihara. Akachukua choo chake mwenyewe akakitazama kwa kioo chake cha kukuzia vitu, akaona vidudu vikitembea ndani yake. Lakini ugonjwa huu wa spirokiti ulielezwa vizuri mwaka 1967 tu, na waganga wawili wa Uingereza, Harland na Lee, waliowaona spirokiti wamesimama wamebanana juu ya ngozi ya ndani ya utumbo mpana. Mwaka 1982 spirokiti mmoja akapewa jina la Brachyspira aalborgi, kwa ajili ya mji wa Aalborg katika nchi ya Denmark. Wa pili, aitwaye Brachyspira pilosicoli, hakai katika watu peke yao. Ameonekana pia katika nguruwe, mbwa na kuku, na kuku akiwa naye aweza kunya kinyesi cha majimaji na kupunguza mayai.

Katika miji tajiri ya Ulaya ni nadra kumkuta huyu wa pili. Wamemkuta kwa wingi katika vijiji vya milimani vya Papua New Guinea, na kwa watoto wa wenyeji wa asili wa Australia Magharibi, mahali ambapo watu wana shida ya maji safi na vyoo. Spirokiti wa utumbo wameonekana pia kwa Waarabu wa Ghuba. Msomaji wa Turkana hahitaji kuambiwa kwamba shida ya maji na vyoo iko hapa pia.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wengi hulikosea. Wako watu wengi wenye spirokiti tumboni ambao hawaumwi na chochote. Wala kijana wala mzee hajui kwamba anao. Wako pia watoto ambao wamekuwa wakiumwa tumbo, wakihara na kutoka damu kidogo, na walipopewa dawa ya spirokiti wakapona. Na wako wengine waliopona wenyewe bila dawa, na wengine ambao dawa iliwaondoa spirokiti lakini tumbo likaendelea kuuma. Ukimkuta punda wa jirani shambani na mahindi yameliwa, yakupasa kuangalia nyayo kwanza. Huenda tumbili ndio waliokula, na punda alifika baadaye. Hivyo, kuonekana kwa spirokiti peke yake hakutoshi kusema kwamba ndiye mkosaji.

JINSI ANAVYOTAFUTWA

Kumpata kwa hakika ni kazi. Mganga huingiza mpira mwembamba wenye taa katika utumbo mpana, akachukua vipande vidogo sana vya ngozi ya ndani, kutoka sehemu zaidi ya moja, kwa kuwa spirokiti hawaenei kila mahali sawasawa. Vipande hivyo hukatwa vyembamba, vikatiwa rangi, na kutazamwa kwa hadubini. Kama wapo, huonekana ukingo wa buluu juu ya ngozi ya utumbo, kama nyuzi za pindo la blanketi zilizosimama. Rangi nyingine yenye madini ya fedha huwaonyesha wakiwa weusi. Njia ya pili ni kuwaotesha kutoka katika choo, lakini hawataki hewa, na huota polepole mno. Yule wa Aalborg huchukua majuma. Ya tatu ni kupima asili ya kijidudu kwa mashine.

Kazi ya namna hiyo hufanywa katika hospitali kubwa kama ile ya rufaa ya Moi iliyoko Eldoret. Katika zahanati, hadubini ya kawaida haitoshi. Hata mpimaji akiona kitu kilichojipinda kikitembea katika choo kibichi, hawezi kwa hilo tu kutaja ugonjwa, maana vipo vijidudu vingine vyenye umbo hilo. Mmoja wao aitwa kampilobakta. Huyu hutoka kwa kuku mara nyingi, na huwaharisha watoto kweli, pengine kwa damu. Kwa maoni yangu, hapa kwetu yafaa kumwogopa kampilobakta kabla ya spirokiti.

Basi mzazi wa Kainuk asiseme, "Sitamtibu mtoto mpaka nijue kijidudu chake." Mtoto hawezi kungoja hivyo. Matibabu ya kuhara yana utaratibu wake, na spirokiti yuko karibu na mwisho wa utaratibu huo.

KWANZA MAJI

Mtoto anayehara huuawa zaidi na kukaukiwa maji kuliko na kijidudu. Kila akihara, maji na chumvi za mwili hutoka pamoja. Damu yazidi kuwa nzito, mikono na miguu yapoa, figo zakosa kazi, na mtoto mdogo aweza kufika hapo kwa saa chache tu.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika katika kambi za India, na kipindupindu kikaingia. Katika kambi ya Bangaon maji ya kutiwa kwa sindano yalikwisha. Daktari mmoja Mhindi, Dilip Mahalanabis, akaamua kuchanganya chumvi na sukari katika mapipa ya maji, akawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Kabla ya hapo, karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Kati ya wale waliotunzwa kwa maji hayo walikufa chini ya 4 katika kila 100. Walionywesha hawakuwa wauguzi. Walikuwa mama, kaka na shangazi waliokaa chini karibu na mgonjwa, kikombe mkononi.

Unga huo siku hizi hutiwa katika pakiti na kuitwa ORS. Hupatikana katika kituo cha afya, na katika maduka ya dawa. Soma pakiti kabla ya kuchanganya, maana ziko za nusu lita na ziko za lita moja, na ukikosea, maji yatakuwa na chumvi nyingi mno au yatakosa nguvu. Asiyejua kusoma na amwombe mwanafunzi. Pima maji safi kwa chupa ya soda au ya maji unayojua kipimo chake, mimina unga wote, koroga, funika. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwage, uchanganye kipya.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu ya kikombe cha chai kila baada ya kuhara. Mkubwa kuliko huyo apewe nusu hadi kikombe kizima. Mpe kwa kijiko au kwa kikombe, kidogo kidogo. Akitapika usikate tamaa wala usimwambie jirani kwamba dawa imemkataa. Ngoja dakika kumi, kisha anza tena, kijiko kimoja kila baada ya dakika mbili tatu. Ni kazi ya kuchosha. Dada, nyanya na baba wapokezane.

Pakiti ikikosekana kabisa, twaa lita moja ya maji safi, utie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote viwe vimesawazishwa kwa kisu bila kurundika. Usizidishe chumvi. Chumvi nyingi yaweza kumdhuru mtoto kuliko kuhara kwenyewe. Njia hii ni ya kumfikisha kituoni tu.

Pamoja na maji hayo mtoto hupewa vidonge vya zinki. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Ulimwenguni na UNICEF wameshauri vitolewe kwa kila mtoto anayehara: kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu yake kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Huyeyushwa katika kijiko cha maji au cha maziwa ya mama. Wazazi wengi huviacha siku ya tatu kwa kuwa kuhara kumekoma, wakaviweka juu ya boriti. Vimalizeni. Kazi yake ni kuponyesha ngozi ya utumbo na kuzuia kuhara kwa miezi inayofuata.

Wala usimnyime mtoto chakula wala ziwa. Iko desturi ya kusema kwamba tumbo "lipumzishwe." Tumbo lisilopewa kitu halipumziki. Hudhoofika, na mtoto hurudi kuhara. Anyonye mara nyingi kuliko kawaida. Ale uji, maharagwe yaliyopondwa, ugali laini, chochote alichozoea.

Yafaa kila mzazi ajue dalili za hatari. Macho yameingia ndani. Mtoto analia bila machozi. Utosi wa mchanga umebonyea. Anakunywa kwa pupa kama mtu aliyevuka jangwa. Vuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili uiachie: ikirudi polepole, maji yamepungua. Lakini mtoto aliyekonda sana ngozi yake hurudi polepole siku zote, basi kwake usitegemee alama hiyo peke yake. Akiwa amelegea, haamki vizuri, au hawezi kunywa, usikae kumpima tena. Mpeleke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na njiani uendelee kumtilia maji kinywani ikiwa aweza kumeza. Mtoto aliyekonda sana, ambaye utepe wa mkononi waonyesha rangi nyekundu, au aliyevimba miguu, apelekwe pia bila kuchelewa, maana huyo hutibiwa kwa maji ya namna yake na kwa kipimo cha mganga. Akinyweshwa mengi kwa haraka, moyo wake waweza kushindwa.

IKIWA KUNA DAMU

Damu katika choo cha mtoto si ya kutibu nyumbani. Hapa kwetu watu wakiona damu husema, "Ni amiba," wakaenda dukani kununua metronidazoli, ile dawa ambayo wengi huiita Flagyl. Lakini kwa mtoto mdogo, kuhara damu mara nyingi si kwa amiba. Mkosaji wa kawaida ni shigela, kijidudu kikali ambacho mia moja tu, au hata pungufu, wakiingia kinywani hutosha kumwuguza mtu. Metronidazoli haimwui shigela hata kidogo. Mtoto hupewa kidonge ambacho adui hakisikii, siku mbili tatu zapita, homa yapanda, na pengine mtukutiko wafuata.

Kwa sababu hiyo afisa wa kliniki akiona damu humpa mtoto dawa ya shigela kwanza, nayo kwa kawaida ni siprofloksasini ya siku tatu, kwa kipimo cha uzito wake. Usishangae asipongoja majibu ya maabara. Huo ndio utaratibu uliokubaliwa. Baada ya siku mbili mtoto arudishwe atazamwe. Damu ikiwa imepungua, homa imeshuka na hamu ya chakula imerudi, dawa yafanya kazi. Kama sivyo, hubadilishwa.

Na kuna jambo moja la kuangalia sana. Ziko dawa za kufunga choo ambazo watu wazima huzimeza kabla ya safari. Mtoto asipewe kamwe. Zinafunga utumbo, na sumu hubaki ndani.

IKIWA SIKU 14 ZIMEPITA

Kuhara kuliopita siku 14 kwaitwa kuhara kwa kudumu, na hapa ndipo uchunguzi wa choo una maana. Peleka choo kibichi, katika chombo safi na kikavu, bila mkojo na bila mchanga. Amiba hai huonekana akitembea kwa muda mfupi tu, kama nusu saa. Choo kilichokaa kwenye jua njia nzima kutoka shambani hakimsaidii mpimaji. Ni afadhali kungoja mtoto ahare palepale kituoni, hata kama mtapoteza asubuhi.

Mpimaji atatafuta amiba, na atatafuta jiadia, yule aletaye choo chenye kunuka vibaya, mafuta na upepo tumboni bila damu. Hawa wawili metronidazoli huwaua, na hapo dawa hiyo ni yenye haki yake. Afisa atauliza pia juu ya uzito, kifua kikuu na virusi vya ukimwi, maana mtoto mwenye kinga pungufu huhara kwa sababu nyingi, na spirokiti hupenda kukaa kwake pia. Mzazi asione haya wala asikasirike akiulizwa.

Ikiwa hayo yote yametafutwa, mtoto amenyweshwa, amekula, amemaliza zinki, na bado tumbo lamkata na choo kina makamasi au damu, basi sasa ni zamu ya spirokiti. Omba barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya Lodwar, na huko wataamua kama kuna haja ya kumpeleka mbele zaidi achunguzwe kwa mpira wenye taa. Akikutwa na spirokiti, na dalili zake zikiwa zinafanana, dawa itumiwayo zaidi ni metronidazoli ile ile, mara nyingi kwa siku zipatazo kumi. Kwa nini basi tusiitoe tangu siku ya kwanza? Kwa kuwa siku ya kwanza, mtoto mmoja kati ya wengi mno ndiye angekuwa na haja nayo. Wengine wangetapika kwa uchungu wake, wakakataa maji ya ORS, na ugonjwa wenyewe ukaendelea chini ya kivuli cha dawa. Tena wengi huacha vidonge katikati. Nusu ya dozi ni shule ya vijidudu.

Niseme neno moja pia juu ya "meno ya plastiki." Katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki watu huamini kwamba kuhara kwa mtoto mchanga kwatoka katika ufizi, wakachimba mbegu za meno kwa chuma. Meno hayo si ugonjwa. Ni meno ambayo yangeota. Mtoto aliyekuwa anahara sasa ana kidonda kinywani, hawezi kunyonya, na chuma kile kimeingia vinywa vingapi kabla ya chake?

MAJI YA MTO, KUKU, NA JUA LETU

Tangu bwawa la Turkwel lilipokamilika mwaka 1991, mto umekuwa na maji kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kilimo kimesaidika. Lakini maji yanayomwagilia mahindi yetu ndiyo wengine wanayoyanywa, na huko juu yamepita katika mifugo na watu. Visima vya mchanga katika laga hutoa maji yanayopendeza macho; mvua ya kwanza ikinyesha, kinyesi kilichokuwa kichakani chote huteremka humo. Spirokiti wa kuku na watu huweza kuishi siku kadhaa katika maji, na zaidi yakiwa baridi. Shigela naye haogopi safari hiyo.

Kuchemsha ndiyo njia ya hakika, lakini kuni ni ghali na miti yetu imekatwa vya kutosha kwa makaa. Klorini ni nzuri ikiwa maji ni meupe. Maji ya mafuriko yaache kwanza yatulie, uyachuje kwa kitambaa kizito, ndipo utie. Na iko njia nyingine ambayo Turkana imebarikiwa nayo kuliko nchi nyingi. Tia maji meupe katika chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, zilale juu ya bati kwenye jua kali kwa saa sita. Siku ya mawingu, siku mbili. Njia hiyo ilijaribiwa kwa watoto wa Kimasai hapa Kenya, na matokeo yakatangazwa mwaka 1996: walioanika chupa juani walihara kidogo kuliko waliokaa na chupa kivulini. Haihitaji fedha, ila chupa safi na mtu wa kukumbuka.

Kisha kuna kuweka. Mwaka 2005 kipindupindu kiliingia katika kambi ya Kakuma, na wachunguzi wakalinganisha nyumba zilizougua na zisizougua. Waliofunika maji yao ya kunywa nyumbani waliugua kidogo. Waliotumia choo kimoja pamoja na nyumba tatu au zaidi waliugua zaidi. Kainuk si Kakuma, lakini watu waliokimbia wizi wa mifugo nao hukaa kwa kubanana kandokando ya barabara, na choo kimoja hushirikiwa na wengi. Afadhali shimo la kawaida kwa kila boma, lenye mfuniko, mbali na laga, kuliko choo kizuri cha saruji ambacho hakuna mwenye kukiosha.

Kuku wasilale ndani na watoto. Najua sababu ya kuwalaza humo: kicheche, na mwizi. Jengeni kizimba cha fito kilichoinuliwa kutoka chini, karibu na mlango, mtawasikia wakilia. Mtoto anayetambaa hushika kila kitu akatia kinywani, na kinyesi cha kuku humpendeza macho. Mama akimfuta mtoto choo, anawe kwa sabuni kabla ya kushika unga; sabuni ikikosekana, jivu.

Chanjo ya rota, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2014, haiwazuii spirokiti wala shigela, lakini huzuia virusi viharishavyo watoto wachanga kuliko vyote. Tazama kadi ya mtoto wako leo, uone kama alipata.

Kwa wale watakaopewa barua ya Lodwar: changanyeni ORS asubuhi kabla ya gari kuja, katika chupa mbili, mchukue na kijiko. Njia ni ndefu, jua ni kali, na matatu haisimami kila mahali. Chukueni kadi ya kliniki, na pakiti tupu za dawa zote ambazo mtoto amekwisha kumeza, pamoja na zile za dukani. Msizifiche. Daktari atataka kujua ni zipi zimejaribiwa, na kwa siku ngapi.